Kwanza Nionyeshe Mbwa

Magoti yangu yalistaafu miaka miwili kabla yangu, ila nilikuwa mbishi. Mwezi uliopita niliyakubalia. Mwiko nimeuosha, nimeupaka mafuta, nimeuweka juu ya kabati pamoja na pima maji, na mke wangu anasema kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuna vumbi la saruji kwenye shuka. Nina muda sasa, na nyinyi mafundi wa sakafu mnaobaki hapa Bariadi mmekuwa mkiniuliza swali moja huku mkicheka: kwa nini mzee Kwilasa akiitwa kupiga sakafu, kabla hajapima chumba, anasema, "Kwanza nionyeshe mbwa"? Haya, nimekaa niwaandikie. Vyeo na mishahara siviandiki, havina sakafu ndani yake.

Nilianzia Maswa, pale Nyalikungu, kwenye karakana ya ujenzi. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vilivyong'arishwa, maana mama alisema kazini watu hutazamwa miguu. Fundi Ng'wandu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kunifundisha, alivitazama kweli, kisha akaniambia nivivue. "Sisi tunafanya kazi kwa magoti," alisema. "Viatu ni vya wajenga kuta." Nilichekecha mchanga wa mto kutwa nzima, hata macho yakawa yanawasha. Jioni akanipa mwiko wake wa zamani, uliolika upande mmoja. Nilirudi nao nyumbani nikaulaza karibu na mto wangu kwa furaha. Ndio huo ulioko juu ya kabati.

Miaka ile saruji ilikuwa ya kibali. Ungeweza kusubiri msimu mzima kwa ajili ya mifuko miwili, na ikija, mmoja umeshikana kuwa jiwe. Kwa hiyo Ng'wandu hakusamehe sakafu mbaya. Juu ya jamvi, lile zege la chini, tulipiga niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji, tukaisugua kwa mwiko mpaka ilale. Ikikauka tuliipaka dawa nyekundu, tukaisugua tena kwa gunia siku baada ya siku. Mtihani wake ulikuwa mmoja: alipiga magoti, akainama, akaikenulia sakafu meno. Alikuwa na pengo la mbele, na pengo lisipoonekana sawasawa, tulirudia.

Sakafu za udongo tulizicheka. Nimekulia juu yake, mama akiisiriba kwa udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, lakini nilipokuwa na mwiko mkononi niliona ni mambo ya ushamba tu. Sakafu ilikuwa ni kioo. Kama huoni meno yako, bado hujamaliza.

Halafu ikaja ruksa ya biashara! Jamani, nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamuwezi kujua tulivyochanganyikiwa. Nilihamia Bariadi kujitegemea mwaka ambao saruji ilianza kuuzwa dukani kama sukari, bila barua, bila kumjua mtu. Nilisimama mbele ya lundo la mifuko nikaishika mmoja mmoja kwa vidole, yote laini, nikacheka peke yangu hadi mwenye duka akadhani nimelewa. Baada ya hapo yakaja makapeti ya plastiki yanayokatwa kwa mita, yenye maua. Baada ya makapeti, vigae kutoka Mwanza. Wanunuzi binafsi wa pamba nao waliingia, pesa ikazunguka, na kila aliyepata alitaka nyumba ya bati yenye sakafu ya kujiona sura. Nilikuwa nalala nikiota vigae.

Mbwa sikuwafikiria hata kidogo. Kwetu Usukumani mbwa ni wa zizini. Analinda ng'ombe, anakula makombo, analala majivuni, basi. Ila mjini watu walishakuwa na redio na baiskeli za kuibiwa, wakaanza kuwaingiza mbwa ndani. Dalili ya kwanza niliipata kwa mwalimu mmoja niliyemtandikia kapeti la plastiki ukuta hadi ukuta. Miezi minne baadaye aliniita nilifunue. Mbwa wake alikuwa amelichimba kwenye kona akazalia chini yake. Tulikuta mkojo, viroboto, na soksi ya mwalimu iliyotafutwa tangu Pasaka. Nilicheka sana, nikaenda zangu, sikujifunza chochote.

Ndipo akanijia Mabula. Alikuwa mnunuzi wa pamba, mtu wa haraka, aliyeendesha pikapu yake kama anafukuzwa. Nyumba yake mpya ilikuwa imeshaezekwa. "Fundi, nataka sakafu ambayo Bariadi haijawahi kuiona," aliniambia, na moyo wangu ukaruka. Kisha akapunguza sauti. Nyumba ile, alisema, hasa ilikuwa ya mama yake.

Mama Minza alikuwa mjane, amebaki peke yake kijijini upande wa Nassa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kupikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na yalishaanza kufifia. Huenda vijana hamjui uzito wa maneno hayo. Enzi zile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, kuku wa jirani wakifa alitazamwa yeye kuwa mchawi. Na wengine hawakuishia kutazamwa tu, waliuawa.

"Ndama wa jirani amekufa wiki iliyopita," Mabula alisema. "Wameanza kunong'ona. Namtaka mayu hapa kabla mvua hazijafunga barabara." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Alilitamka kama mtoto mdogo, yule mtu wa haraka.

Hakunitajia mbwa, nami sikuuliza. Kosa langu liko hapo.

Nilifanya kazi ile kama mtu aliyeshikwa na homa. Vigae vyeupe vilikuja kutoka Mwanza kwenye maboksi, nikawa nafungua kimoja kimoja na kukiinua juani. Nilivitandika sebuleni na kwenye korido yote, kuanzia mlango wa nje mpaka mlango wa Mama Minza. Chumbani mwake nikapiga niru nyekundu, nikaisugua kwa gunia siku saba. Siku ya nane Ng'wandu alikuja kwa basi kutoka Maswa kuitazama. Akapiga magoti, akakenua, pengo likaonekana mpaka ufizi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Jumamosi asubuhi pikapu ikaingia uani. Mama Minza alishuka taratibu, mwembamba, kanga mbili, na nyuma yake akaruka mbwa dume mkubwa wa rangi ya majivu. Mama aliweka kiganja mgongoni mwa mbwa, wakatembea pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mbwa ndiye aliyekuwa macho yake. Walikwenda hivyo kisimani, shambani, na hadi mlango wa kanisa. Jina lake lilikuwa Mtasema. Kwetu ni kawaida mtu kumpa mbwa jina la kuwajibu majirani: unamwita kwa sauti jioni, na wanaohusika wanasikia.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mayu. Karibu kwako."

Mtasema akaweka mguu wa kwanza kwenye kigae. Akaweka wa pili. Alipoingiza ya nyuma, ikaachana, mmoja mashariki, mwingine magharibi, tumbo likapiga chini. Mama Minza aliyemwegemea akaenda naye. Nilimdaka kiwiko, lakini goti lake lilikuwa limeshagonga sakafu. Mbwa alihangaika kuinuka, kucha zikikwaruza vigae vyangu, kila akisimama anatawanyika tena. Mwisho alijiburuta nje hadi vumbini, akasimama huko akitetemeka.

"Pamemwagika maji hapa?" Mama Minza aliuliza.

"Hapana, mayu," Mabula alisema. "Ni vigae. Vinang'aa."

"Ving'ae kwa ajili ya nani? Mimi sivioni."

Tulimjaribu mbwa tena. Mabula alimvuta kwa kamba, mimi nikamsukuma nyuma, na nyama ya kuchemsha ikawekwa kwenye korido. Mtasema aliitazama nyama, akatutazama sisi, akalala chini palepale mlangoni. Hakwenda.

"Mbwa atakaa nje, mayu," Mabula alisema. "Nitamjengea kibanda kizuri."

"Basi na mimi nijengee kibanda."

"Mayu, tafadhali!"

"Nitatembea na nani humo ndani? Na ukuta? Nirudishe nyumbani."

Mabula alisihi, akakasirika, akasihi tena. Mama alikwenda kwa kupapasa mpaka kwenye pikapu, akapanda, Mtasema akaruka akakaa miguuni pake. Kabla ya saa sita walikuwa wameondoka. Nilibaki peke yangu sebuleni, na sura yangu chini ikinitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilikuwa nimetengeneza kioo, na kioo kile kimemrudisha mama wa watu kwa wale waliokuwa wakimnong'ona.

Jumatatu nilidandia lori la pamba lililokuwa linarudi tupu upande wa Nassa. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuona yule mbwa anatembea juu ya nini.

Nilimkuta Mama Minza amepiga magoti, anasiriba sakafu. Nusu ilikuwa mbichi, nusu imekauka. Mtasema alipita kwenye ile kavu akimfukuza kuku, akageuka ghafla kwenye kona ya kitanda, akatoka mlango wa nyuma, na hakuteleza hata kidogo. Nilivua viatu, nikapiga magoti na mimi, nikaipapasa ile sakafu ambayo nimeicheka ujana wangu wote. Ilikuwa ngumu, haina vumbi. Lakini juu yake palikuwa na alama za viganja vilivyopita kwa nusu duara, kimoja kikianzia kilipoishia kingine, matuta membamba ambayo jicho hulazimika kuyatafuta ila nyayo zinayajua. Nilishikwa na furaha mpaka nikapaza sauti.

"Nini?" Mama Minza alishtuka.

"Mayu, hizi alama! Kwa nini huziondoi?"

"Niziondoe nipate nini? Sogea, wewe, umenikanyagia."

"Unazipimaje?"

"Kupima kitu gani? Napitisha mkono. Nyinyi wenye macho mna maswali."

Nilikaa pale nikimwangalia mkono wake unavyokwenda, bega likizunguka, kiganja kimefunguka kidogo. Wakati huo mwanamke mmoja alipita njiani na ndoo kichwani. Mama Minza alisikia hatua, akaamkia kwa sauti. Mwanamke yule hakujibu. Usukumani mtu hapiti nyumba bila salamu, labda kama ameshaamua jambo juu ya mwenye nyumba. Mama Minza akaita, "Mtasema!" kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa maana mbwa alikuwa karibu. Furaha yangu ikaingiwa na haraka. Mawingu yalishaanza kujikusanya.

Nilimwambia Mabula tubomoe korido yote na chumba cha mama.

"Vigae vya Mwanza?" alisema. "Wageni wataniona vipi?"

"Tajiri, wageni watakaa kwako saa moja, watakwenda zao. Anayehamia hapa ni mama."

Aliinama akakigonga kigae kimoja kwa kidole. Halafu alichukua tindo na nyundo mkononi mwangu, akavunja cha kwanza yeye mwenyewe. Ng'wandu alipopata habari alinitumia salamu na dereva wa basi, kwamba nimewarudisha watu kwenye kinyesi cha ng'ombe na nisimtaje kuwa ndiye aliyenifundisha.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Nilijaribia zile alama za viganja kwenye kipande cha jamvi uani. Mara ya kwanza nilipitisha kiganja kitupu, saruji ikala ngozi, nikakaa siku mbili siwezi kushika kijiko. Mara ya pili nilivaa mfuko wa nailoni, ukateleza tu. Mara ya tatu nilifunga kiganja kwa kipande cha gunia lililoloweshwa, na hapo matuta yakatoka yenyewe! Kuhusu muda, ukiwahi, alama zinajifuta, na ukichelewa, sakafu inakukatalia. Bonyeza kwa dole gumba. Lisipotoa maji ila likiacha alama, anza, na usinyanyuke mpaka umefika mlangoni. Mchanga uwe wa mto, wa chekeche ndogo. Dawa ya kung'arisha usiisogeze karibu. Chumba kiinamie kidogo upande mmoja, kwenye kitundu cha kutolea maji, kwa sababu mbwa ni mbwa na siku moja atakojoa. Nilipomaliza niliazima mbwa wa jirani nikamkimbiza kwenye korido mara kumi. Watu walisimama uani kunitazama, na nadhani ndiyo siku nilipoanza kuitwa fundi wa mbwa.

Tuliimwagilia maji wiki nzima. Siku pikapu iliporudi, matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati.

Mtasema alisimama mlangoni. Alikuwa anakumbuka. Alinusa sana, akaweka mguu mmoja, akaurudisha. Mabula alitaka kumvuta, nikamzuia kwa mkono. Mbwa akauweka tena, akaweka wa pili, akangoja kuanguka. Hakuanguka. Akaenda hatua tatu, akajitikisa, kisha akaifuata korido yote huku kucha zikilia tik tik tik, akaingia chumbani. Mama Minza alikuwa bado nje, ametega sikio.

"Yuko wapi?"

"Amefika kwenye kitanda, mayu," nilisema. "Anazunguka. Amelala."

Alivua kandambili. Aliingia akiburuta unyayo taratibu, akausugua kwenye yale matuta, mbele, nyuma, kama mtu anayemtambua ndugu gizani.

"Nani amesiriba hapa?"

"Mimi, mayu."

"Hujui kusiriba," alisema. Akapiga hatua nyingine. "Lakini nitakaa."

Mabula alitoka nje ghafla akasimama kwenye mvua, akijifanya anatazama matairi.

Tangu hapo nimepiga sakafu nyingi kwa wenye mbwa, na kila mara nimetaka kumwona mbwa kwanza. Mzee au kijana? Mzito? Analala ndani? Akiwa mzee, sahau vigae vya kung'aa, vinamharibu nyonga. Mwenye nyumba aking'ang'ania vigae, mchagulie vyenye uso wa kukwaruza, na viungo viwe vyembamba, vijazwe mpaka juu, mkojo usipate pa kukaa. Kapeti la plastiki lina kona, na mbwa hupenda kona. Zulia ni nyumba ya viroboto, mwenye nyumba ni mgeni tu pale. Nyufa zibe mapema, hasa huku kwetu kwenye udongo mweusi wa mbuga, maana kupe nao wanatafuta makazi. Ng'wandu mwenyewe alikuja baadaye kuiona korido ya Mabula. Alipiga magoti, akakenua, hakuona jino hata moja. Akaipapasa mpaka mwisho. "Utanifanyia na mimi," alisema, "pale mlangoni kwa bafu. Nimeshaanguka mara mbili." Ile ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata.

Kazi yangu ya mwisho, mwezi uliopita, ilikuwa kwa Mabula tena. Mwanawe Kabula ameirithi nyumba, anataka vigae vikubwa vya kisasa kila mahali. Nilimtandikia sebuleni bila ubishi. Tulipofika kwenye korido alisimama na mbwa wake mdogo, akaniuliza, "Babu, na huku na chumba cha bibi tufanyeje?" Nilivua viatu. Matuta yalikuwepo yote, yamelainika katikati tu, pale alipopita mtu mmoja na mbwa wake kila siku.

Nilimwambia aache kama palivyo, nikamwonyesha mahali kitanda kilipokuwa. Bibi yake alifia pale, mchana, kwa uzee tu, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa mbwa wa tatu, naye alimwita Mtasema vilevile. Alifia kitandani mwake, na hakuna mtu aliyemgusa.